Mpima Ardhi Asiyefika Dundori

Mwaka ule kitabu changu cha kwanza kilipotoka, Nakuru kulikuwa na mtu mmoja aliyeamini kwamba binadamu hawezi kusoma hadithi yoyote bila kuahidiwa harusi. Bahati mbaya mtu huyo ndiye aliyekuwa mhariri wangu.

Alikuwa mwalimu wa shule ya upili mjini, kijana bado, mwenye digrii ambayo haikukaa kimya hata siku moja. Jioni, baada ya kusahihisha insha za wanafunzi, alifika kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya barabara ya maduka, akatundika koti msumarini na kuanza kusoma miswada. Kiwanda kilikuwa cha mzee mmoja Singasinga, aliyechapa kadi za harusi, matangazo ya mnada wa ng'ombe na nyimbo za makanisa yasiyosalimiana. Miaka michache baada ya uhuru, mzee huyo aliona vijana kwenye kituo cha reli wakisoma magazeti mpaka matangazo ya vifo, akaamua kuwachapia hadithi fupi za Kiswahili. Yeye mwenyewe hakuzisoma. Hiyo ilikuwa kazi ya mwalimu.

Mwalimu alipanga miswada mezani mafungu mawili: huku hadithi zenye mapenzi, kule zile alizoziita kavu. Kavu hazikutupwa. Zilirudishwa kwa mwenyewe azinyweshe maji, na asipojua namna ya kuzinywesha, mwalimu alizinywesha kwa mkono wake.

Nimesoma karibu kila kilichotoka katika mkono huo. Kulikuwa na hadithi ya askari anayewafuata wezi wa ng'ombe kutoka Molo. Nyayo ni mbichi, ng'ombe wanasikika wakilia bondeni. Ghafla askari anaingia duka la dawa, anamwona msichana anayeuza aspirini, na sura nzima inapita wakielezana habari za macho. Wezi, kwa heshima, wanasubiri. Sura inayofuata askari anatoka dukani na kuwakuta pale pale bondeni. Kulikuwa na dereva wa treni ambaye breki zinamkatikia kwenye mteremko, mabehewa yamejaa watu, na yeye anaikumbuka shingo ya msichana aliyemwona Naivasha. Kulikuwa na mpiganaji wa msituni, mwenye chawa na njaa, anayepokea barua inayonukia marashi. Ni nani aliyeifikisha barua hiyo huko, na alivipitaje vizuizi vya barabarani, mwalimu hakujishughulisha.

Sina ugomvi na hadithi za mapenzi. Nimezisoma nyingi nikisubiri basi, na iliyo nzuri huniacha nimesahau mzigo wangu chini. Mapenzi yakiwa ndiyo jambo lenyewe, yaandikwe, na yapewe kitabu kizima. Ninachokidharau ni kuyanyunyiza. Ninadharau ile imani kwamba mtu mzima, ambaye mwaka mzima amehangaika na mvua, ng'ombe, karo na mashemeji, akishika kitabu chenye mambo hayo hawezi kuyafuata mpaka avutwe kwa mkono na wapenzi wawili, kama ndama anayefuata chupa.

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa habari. Niliandika kesi za mahakamani, bei za ngano, ajali za malori na maonyesho ya kilimo. Kazi ilinipeleka Dundori mara kwa mara, kwa sababu mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa na makampuni ya wananchi na kugawanywa, na ugawaji ulikuwa habari kila wiki. Huko ndiko nilikokutana na mama ambaye kitabu changu kilimhusu.

Mumewe alikuwa amenunua hisa pamoja na wenzake katika shamba moja la mzungu, akafa kabla shamba halijagawanywa. Siku ya kura mama alikwenda mwenyewe, na mkono wake ukatoa kipande cha chini kabisa, kinamasi kitupu, mahali ambapo mzungu alikuwa akiwinda bata. Wanaume walimcheka. Walimwambia afuge vyura. Yeye na binti zake wawili wakaanza kuchimba mtaro kutoka kwenye chemchemi mpaka mtoni, kwa jembe, beleshi na karai, wakaendelea mvua ikinyesha na sakitu, umande ulioganda, ikiwachoma vidole. Maji yalipotoka, udongo uliobaki ulikuwa mweusi kama masizi, na viazi vyake wanawake wa sokoni Nakuru waliviulizia kabla gunia halijafunguliwa.

Hapo ndipo shemeji yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, alipokumbuka kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Utaratibu waliokuwa wamekubaliana wazee wa shamba lile ulikuwa hivi: mjane anashika hisa ya marehemu maadamu amebaki katika nyumba ya marehemu. Akijulikana kuwa na mwanamume wa nje, hisa inarudi kwa ndugu wa marehemu. Kwa hiyo shemeji hakudai shamba. Alidai mwanamume. Alitaka kujua ni nani aliyemrekebishia mama paa, ni nani aliyemsaidia kupandisha magunia kwenye lori, kwa nini fundi wa baiskeli alikunywa chai pale mpaka jua likazama. Kila mara jibu lilikuwa binti zake, au utingo wa lori, au kwamba fundi ni mzee asiye na jino hata moja.

Nilipomwomba mama ruhusa ya kuiandika habari yake kama hadithi, alifikiri akiwa ameegemea beleshi.

"Andika," akasema. "Watu wajue hii shamba ilitoka wapi. Lakini mwanamume usiweke. Hata wa kupita njia. Shemeji yangu anatafuta mwanamume mchana na usiku. Usimpe."

Nilimpa neno langu. Nilibadilisha majina, nikabadilisha idadi ya watoto, nikahamisha kanisa. Mtaro sikuuhamisha, maana bila mtaro hapakuwa na kitabu, na Dundori yote hapakuwa na mtaro mwingine kama ule. Yeyote wa kule angejua ni nani. Mama alijua hivyo pia, na alitaka wajue.

Mwalimu aliusoma mswada kwa wiki moja akaniita. Aliugonga kwa kucha.

"Sasa, mwandishi, huyu mwanamke anataka nini?"

Nikamwambia anataka maji yatoke shambani.

"Hapana. Moyoni."

"Moyoni anataka maji yatoke shambani."

Alinitazama kwa huruma. Akasema msomaji atafika katikati na kuuliza mwanamke huyu analala na nani. Nikamjibu kwamba jibu limo katika sura ya pili: analala na binti zake kitanda kimoja kwa sababu ya baridi. Akasema hadithi ya aina hii ni chai bila sukari. Nilipomwambia wapo wanaoinywa hivyo, ikawa mchuzi bila chumvi, kisha chapati bila mafuta. Kila alipoishiwa na sababu aliingia jikoni.

Basi nikamweleza yote. Nikamweleza habari za hisa, za wazee, za shemeji na neno nililompa mama. Nilisema wazi kwamba mwanamume akitiwa katika kitabu kile, hata wa kubuni, mama huyo anaweza kunyang'anywa shamba. Alisikiliza mpaka mwisho, nakubali. Halafu akasema hayo ni mambo ya gazeti, na hii ni fasihi. Nikamwambia achape kitabu kama kilivyo au anirudishie. Akatabasamu, akasema hakuna shida, kitachapwa.

Gazeti likanituma Mau Narok kwa ajili ya mavuno ya ngano, ambayo mwaka ule yalikuwa na ugonjwa wa kutu na manung'uniko mengi. Niliporudi, nikashuka kituo cha reli na kukiona kitabu changu kimening'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kibanda cha magazeti. Jaladani palichorwa mwanamke mwenye mabega wazi, katika gauni ambalo mtu akilivaa Dundori jioni hafiki chakula cha usiku. Nyuma yake palikuwa na mwezi mkubwa kama sinia.

Nilikisomea hapo hapo, nimesimama. Mwanzo ulikuwa wangu. Katikati, mtaro ukiwa umechimbwa nusu, akaingia mpima ardhi mwenye nywele za mafuta na chombo cha shaba begani. Anatembea kwa miguu kutoka kijiji cha Bahati jioni moja ya mwezi wa Julai na kufika viatu vinang'aa. Mwanamke anaacha beleshi. Wanakaa kwenye nyasi kando ya mtaro, upepo mwanana unavuma, asumini inanukia, na mwezi unamulika nyuso zao mpaka manane. Mpima ardhi anasema macho yake ni chemchemi mbili. Kisha anaondoka akiahidi kurudi, na hatajwi tena mpaka mwisho, kwa sababu baada ya hapo kitabu kinarudi kuwa changu, na mimi sikumfahamu.

Nilimkuta mwalimu kiwandani. Akaniambia ameniokolea kitabu. Mzee mwenye kiwanda alisema aliambiwa nimekubali, na alipojua sikukubali alisikitika kwa dhati, lakini vitabu vilikwisha kufungwa na kusambazwa mpaka Gilgil, na watu wanavipenda. Hilo lilikuwa kweli. Karani wa kituo, mtu mwenye miwani na watoto wakubwa, alinizuia dirishani huku foleni ikingoja tiketi, aniulize mpima ardhi alikwenda wapi. Kuhusu mtaro hakuuliza. Mke wa mchungaji mmoja aliniambia amekisoma kitabu kuanzia mwisho, ahakikishe kama wameoana, na kwa kuwa hawakuoana hakuona sababu ya kusoma mwanzo. Hao ndio wasomaji ambao mwalimu alikuwa akiwatetea, na nilianza kuona kwamba walistahiliana.

Haikuchukua muda. Dereva wa lori la maziwa akaniletea habari kutoka Dundori kwamba shemeji amepata kitabu. Alisomewa na mtu baada ya ibada, watu wamesimama wanasikiliza. Ilipofika sura ya mpima ardhi aliomba irudiwe. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kampuni ya shamba na kusema amempata mwanamume. Kikao kilikuwa kimeitwa, na nilitakiwa nifike.

Nilimwomba mwalimu twende pamoja. Ni yeye aliyeandika kurasa zile. Kusema hivyo mbele ya wazee kungemaliza jambo. Akasema ana mitihani ya kusahihisha. Nilipomshikilia akasema tena, sasa kwa sauti ya darasani, kwamba mwandishi hasimami mbele ya wakulima kuwafafanulia kazi ya sanaa. Yaani mama apoteze shamba, lakini sanaa isitiwe tope viatuni. Nilimwacha na kalamu yake nyekundu.

Kikao kilifanyika katika banda la zamani la kukamulia ng'ombe. Wanahisa walikuwa wametoka pembe nyingi za nchi, kwa hiyo waliamua mambo yao kwa Kiswahili. Mwenyekiti alikuwa mzee mkavu aliyekuwa nyapara wa shamba lile enzi za mzungu, na hakuwa rafiki wa mama. Yeye ndiye aliyetoa shauri la kufuga vyura. Mama alikaa upande wa wanawake, mikono mapajani, leso imekazwa kichwani. Binti zake walisimama nyuma yake. Hakunitazama.

Shemeji alizungumza kwanza, amekiinua kitabu juu. Alisema yeye si mtu wa fitina. Amevumilia miaka, watu wakimwambia mwanamume hayupo. Sasa yupo, ameandikwa, amechapwa, anauzwa mpaka kituo cha treni. Akamwomba karani wa kampuni asome. Karani akasoma ile sura yote, asumini, mwezi na chemchemi mbili, kwa sauti ile ile aliyotumia kusomea kumbukumbu za mkutano. Hakuna aliyecheka. Wanawake waliinamisha vichwa.

Mwenyekiti akaniuliza kama kitabu ni changu. Nikasema ni changu, isipokuwa hiyo sura. Hiyo ilitiwa na mtu wa kiwandani bila ruhusa yangu, na ni ya uongo.

Shemeji alikuwa amejiandaa. "Mwenyekiti, huyu ni mtu ya kutunga hadithi. Kama hii ni uongo, basi kitabu yote ni uongo. Hata mtaro ni uongo. Ama achague: ni kweli yote ama ni uongo yote."

Nakiri lilikuwa swali zuri, zuri kuliko lolote nililowahi kuulizwa na mwalimu. Niliona vichwa vikitikisika. Nikaanza kueleza tofauti ya kubuni na kudanganya, nikasikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa yakifanana na ya mwalimu, nikaacha njiani.

Wazee wale walikuwa na mtindo wao wa kuhoji, ambao nilikuwa nimeuona katika kesi za mipaka na za ng'ombe waliovunja ua. Hawakumuuliza shahidi kama ana hakika. Walimuuliza alisimama wapi. Asiyeweza kuonyesha mahali aliposimama alipoona jambo, maneno yake yaliwekwa kando, awe tajiri au shemasi.

"Haya maneno ya nyasi na mwezi," mwenyekiti akasema. "Huyo aliyeona alikuwa amesimama wapi?"

"Hakuna aliyesimama popote, mzee. Yaliandikwa Nakuru, mezani, na mtu ambaye hajawahi kupanda mlima huu."

"Na mtaro?"

"Mtaro nilisimama kwenye jiwe kubwa karibu na chemchemi. Viatu vilikuwa vimejaa maji. Huyu mama alikuwa ndani mpaka kiunoni, akitoa tope kwa karai, binti mkubwa akipokea juu. Wewe mwenyewe ulipita na ng'ombe ukaniuliza kama nimetumwa na serikali."

"Nilikuuliza," mzee akasema. "Ukasema umetumwa na gazeti. Nikaona ni hasara."

Hapo watu wakacheka kwa mara ya kwanza. Akamgeukia shemeji.

"Na wewe? Huyu mpima ardhi, ulimwona ukisimama wapi?"

Shemeji akasema yumo kitabuni.

"Sikuuliza yeye yuko wapi. Nimeuliza wewe ulikuwa wapi."

Shemeji akakigeuzageuza kitabu mkononi. Mzee mmoja wa pembeni, aliyekuwa amejifunika blanketi mpaka masikioni, akaomba kuuliza kitu kidogo. Alitaka kujua ni Julai ya wapi hiyo. Yeye Julai hawezi kutoka nje kukojoa bila koti, na hawa wawili wamekaa kwenye nyasi mpaka manane, na huyo bwana hajakohoa. Mwingine akauliza asumini ni mti gani. Karani alipoeleza kwamba ni ua la huko pwani, mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote kwamba basi huyo mpima ardhi alitembea kutoka mbali, si Bahati. Banda zima likavunjika kwa kicheko. Shemeji akabaki ameshika kitabu kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Mwenyekiti aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha akasema kesi haina mwanamume na haina shahidi. Hisa inabaki pale ilipo. Shemeji asiilete tena kesi hii mbele yao, na akiileta, aje na mwanamume mwenye miguu.

Siwezi kusema mama alishukuru. Tulipotoka alinipita, akarudi tu hatua chache baadaye kuniambia kwamba watu wakitembea kutoka mbali hupewa chakula. Jikoni kwake walikuwa wamejaa wanawake wa jirani, na sufuria ya viazi ilikuwa mekoni, lakini kuni zilikuwa mbichi na moshi ulikuwa mwingi kuliko moto. Mmoja wao alikuwa amekiokota kitabu bandani, pale shemeji alipokitupa.

Mama akakipokea. Alikuwa hajui kusoma. "Nionyeshe ni zipi," akaniambia.

Nikamfungulia kurasa za mpima ardhi. Akazichana taratibu, moja moja, karibu na pini za kitabu, zisiharibu zilizobaki, akazisokota na kuziweka chini ya kuni. Zilishika moto vizuri. Akanirudishia kitabu kilichokonda, akaketi kwenye kigoda, akasema nisome watu wasikie.

Nilisoma mpaka viazi vikaiva, na baada ya kula nikaendelea. Nilipofika pale palipochanwa, ukurasa mmoja uliishia binti mkubwa akipokea karai la tope, na ukurasa uliofuata ukaanza na siku maji yalipopata njia na kukimbia kuelekea mtoni. Niliinua macho nione kama kuna atakayeuliza ni nini kilichokosekana. Hakuna aliyeuliza. Lakini mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye kipande chake kilikuwa chini zaidi kando ya mto, aliweka bakuli lake chini.

"Hayo maji mnasema yalikimbia," akasema. "Yalikimbilia kwa nani? Mbona hiyo hamkuandika?"

Mama akamjibu kwamba yalikwenda mtoni, kila mtu anajua. Yule akasema yalipita kwanza kwenye vitunguu vyake, na hakuna aliyekuja kumwomba radhi. Wakaanza kubishana, wengine wakiingilia, kuhusu mteremko, kuhusu mvua ya mwaka ule na ni nani aliyeziba mfereji wa zamani wa mzungu. Nilifunga kitabu nikatoa kalamu.